Mke wa Baharia: Mawe Juu ya Bati

Kila alasiri ni hivyo hivyo. Chemutai hushusha kikapu mgongoni, humwaga majani chai juu ya meza ya saruji, huyachambua na kutupa kando yaliyokomaa, kisha hujisogeza hadi kwenye nguzo ya mizani. Katika banda zima la kupimia majani, hapo tu ndipo mtandao hushika. Huegemea nguzo. Hungoja. Simu hulia. Ni Phelix, mume wake.

Tulipoachana wiki iliyopita, simu ilikuwa imelia kama kawaida. Jina lilikuwa lile lile. Chemutai aliiweka sikioni, tabasamu likiwa tayari usoni.

Aliyesema "halo" alikuwa mwanamke.

Najua wako walioshinda na sauti hiyo masikioni wiki nzima. Haya, turudi bandani upesi, kabla Chemutai hajakata simu kwa hasira.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Wewe ndiye mke wa Phelix?"

"Nimekuuliza wewe ni nani! Simu ya bwana yangu inafanya nini mkononi mwako?"

Janeffer, jirani yake, aliacha kuchambua majani. Janeffer ana masikio ya sungura.

"Ni mwanamke?" alinong'ona. "Uui! Si nilikuambia? Mtu wa majini hawezi kuwa na jiko moja. Kila bandari ana sufuria yake."

"Janeffer, nyamaza."

"Nimenyamaza. Lakini muulize leo amempikia nini."

Kipkurui, karani wa mizani, alicheka chini chini. Foleni nzima ilikuwa imegeuza shingo.

"Dada, usikate," sauti ile ilisema. Ilikuwa inahema. "Naitwa Dorcus. Mimi ni mtu wa Kisii, lakini nimezaliwa huko huko Kapkatet. Mimi ni mpishi wa mashua nyingine. Sina mambo na bwana yako, haki ya Mungu. Kaa chini kwanza."

Chemutai hakukaa. Kwani kuna mtu aliyewahi kuambiwa akae chini ndipo apewe habari njema?

"Amekufa?" aliuliza.

"Hajakufa. Namwona kwa darubini sasa hivi. Lakini dada, hatuna muda. Nisikilize."

Kwa msomaji ambaye ndiyo kwanza anatufikia: Phelix ni mwana wa Mzee Ogeto, hapa hapa upande wa Chepilat, ambako shamba la Mkisii na la Mkipsigis hutenganishwa na ua wa miti tu. Alikuwa mchumaji katika shamba kubwa la chai hadi mashine za kuchuma zilipoletwa, na wachumaji wakaambiwa asante. Binamu yake wa Mombasa akamtafutia kazi ya upishi katika mashua ya matanga iitwayo Lulu. Mwenye mashua ni Kapteni Tobias, mzungu mzee asiye na nyumba nyingine duniani. Basi Phelix, ambaye hata mto Kipsonoi alikuwa anauvuka kwa kushikwa mkono, akawa baharia.

Akamwacha Chemutai, mke wake wa Kikipsigis, kwa Mzee Ogeto.

"Sema," Chemutai alisema.

Dorcus akasema. Alisema mbio mbio, na nyuma yake ulisikika upepo, na watu wengi wakiongea lugha nyingi.

Kila mwaka, alisema, watu wanaoishi kwenye mashua hukutana katika bandari ya kisiwa hicho alichokuwapo. Hutoka pande zote za dunia kwa tanga. Chombo kikiingia, vyote vilivyotangulia hukipigia honi, na bendera hupandishwa. Usiku wa mwisho kuna karamu ufukweni, lakini hakuna anayegusa sahani kabla chombo cha mwisho hakijatia nanga. Ndiyo desturi yao.

"Vyombo vyote vimeingia, dada. Imebaki Lulu. Wali wangu umeiva, umepoa, hakuna hata mtoto ameonja. Watu wote wamesimama juu ya ukuta wa bandari wanaangalia."

"Wanaangalia nini?"

"Dhoruba ya jana imevunja mlingoti. Injini imeingia maji. Wako nje ya mwamba, karibu kabisa, ungekuwa huku ungemtambua kwa shati lake. Wametupa nanga, lakini nanga inaburutika. Inaburutika kuelekea kwenye mwamba."

"Wako akina nani? Umesema wako."

Dorcus alijisahihisha.

"Yuko. Ni yeye peke yake. Kapteni amevunjika mguu. Boti la mpira la uokoaji lilikwenda, likamchukua kapteni. Phelix ndiye alimfunga kamba, akamshusha pole pole kama mtoto. Halafu wakamwambia, wewe sasa, ruka. Akakataa."

"Akakataa?"

"Akampa kapteni simu yake, ndiyo hii niliyopewa na kapteni. Akamwambia, mpigie mke wangu baadaye."

Baadaye! Chemutai alishika nguzo kwa mkono wa pili. Baadaye ya nini? Baadaye ya mambo gani?

Janeffer aliacha mzaha. Alikuja, akasimama karibu naye, bega kwa bega.

"Mwambieni aruke!" Chemutai alisema.

"Tumemwambia kwa lugha zote za hapa. Ana redio ndogo ya mkononi. Anatusikia, lakini kinasa sauti chake kimelowa, hawezi kuongea. Anabonyeza tu. Akibonyeza mara moja, hapana. Mara mbili, ndiyo. Kila tukimuuliza, Phelix utaruka? Anabonyeza mara moja."

"Anaogopa maji. Phelix anaogopa maji tangu zamani."

"Hata sisi tulidhani hivyo. Kapteni anasema si maji. Kapteni alimwahidi kwamba wakifikisha Lulu hapa salama, atamwachia aitunze, awe na kazi ya mwaka mzima. Lulu ikizama, kazi imezama. Sasa bwana yako anataka kukaa na hicho chombo mpaka meli ya kuvuta ifike kesho. Dada, kesho hakuna Lulu. Maji yakianza kujaa, mawimbi yataruka mwamba. Boti la mpira linaweza kwenda mara moja tu tena. Basi."

Wakati huo huo mtu alikohoa mlangoni.

Alikuwa Mzee Ogeto, na gunia lake begani.

Chemutai alijiondoa kwenye nguzo mara moja, akainamisha macho. Hakupanga kufanya hivyo. Mwili ulifanya wenyewe.

Wakisii huita jambo hilo chinsoni: ile haya na heshima kati ya mke na baba wa mume wake. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Mke humwamkia, humpelekea chai, huzungumza naye habari za ng'ombe na za mvua. Lakini mambo ya kati yake na mume wake, hayo hayatajwi mbele ya mzee. Heri kumwaga chungu cha uji miguuni pake. Chemutai alipoolewa aliapa kwamba hakuna atakayesema binti wa Johana, Mkipsigis, hakufunzwa adabu. Akaishika chinsoni kuliko hata wasichana waliozaliwa nayo.

"Mzee, gunia hilo ni majani ama umebeba ndama?" Kipkurui alijaribu kutania, kama kawaida yao.

"Wewe karani, pima chai, usipime mwenye chai," Mzee Ogeto alijibu. Kisha akaona nyuso za watu. Gunia likashuka lenyewe. "Kuna nini?"

Watu walitazama chini.

"Nimeuliza kuna nini. Mbona mmenyamaza kama watu wa matanga?"

Kule simuni, Dorcus alikuwa anaita: "Halo? Dada? Dada, umepotea! Halo!"

Ni Janeffer aliyesema. "Mzee, ni Phelix. Chombo chao kimevunjika. Ameambiwa aruke aokolewe, amekataa."

Mzee Ogeto alitembea hadi kwenye nguzo. Alinyoosha mkono, na Chemutai akamwekea simu kiganjani kwa mikono miwili, macho chini.

"Karani, weka hii kitu spika."

Kipkurui aliweka spika. Upepo wa bahari ukajaa bandani.

"Mimi ni baba yake," Mzee Ogeto alisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. "Anaweza kunisikia?"

"Ngojea, Baba. Naweka simu kwenye redio ya bandari. Nikisema haya, ongea."

Kishindo kidogo. Kisha: "Haya!"

"Phelix! Ni baba yako! Acha upuzi! Toka hapo mara moja, ruka uende kwa watu! Mimi nimesema!"

Watu walisogea karibu na simu. Hata watoto waliokuja na mama zao walisogea.

Redio ilisikika ikibonyezwa. Tk.

Wakangoja ya pili.

Haikuja.

"Amesemaje?" Mzee Ogeto aliuliza.

"Amesema hapana, Baba," Dorcus alisema.

"Amenikataa mimi?"

"Amesema hapana."

Mzee alimtazama Kipkurui, akamtazama Janeffer, kama vile mmoja wao ndiye aliyebonyeza. Kisha akaishusha simu.

"Mke wake aongee," Janeffer alisema. "Mpe Chemutai."

"Ndiyo, mke wake," watu wakasema. "Mke ataskizwa."

Simu ikarudi kwa Chemutai.

Msomaji, ungekuwa wewe ungesema nini? Usijibu haraka. Fikiria kwanza foleni nzima ya majirani wamekukodolea macho. Fikiria baba mkwe wako amesimama karibu kiasi kwamba unasikia pumzi yake. Wala usisahau kisiwa kizima kinachokusikiliza kupitia redio.

Chemutai alisema: "Hujambo. Ni mimi. Huku ni wazima. Yule ng'ombe mwekundu amezaa vizuri. Sasa... sasa wasikilize wakubwa wako. Fanya vile wanasema. Ni hayo tu."

"Ni hayo tu?" Janeffer alinong'ona, macho yamemtoka. "Chemutai! Mtu anakufa, unampa habari ya ng'ombe?"

Tk.

Wakangoja.

Hapana, tena.

Chemutai aliuma upindo wa kitambaa chake. Machozi yalikuwa yanamshuka, lakini hakutoa sauti. Hata kulia, mbele ya mzee, kuna namna yake.

"Boti la mpira limetoka," Dorcus alisema ghafla. "Wameamua waende tu. Wanasema watakaa ubavuni mwa Lulu kadiri watakavyoweza. Mungu wangu, mawimbi. Asiporuka, watarudi bila yeye. Dada, huna neno lingine? Neno lolote?"

Chemutai alifungua mdomo.

Na mbingu ikaanguka.

Watu wa huku hawaulizi sauti hiyo ni ya nini. Mawe! Mvua ya mawe ilipiga bati la banda kama malori yanayomwaga kokoto. Mwangaza wa mchana ukafifia. Waliokuwa nje na vikapu wakaingia kwa kusukumana. Mama mmoja aliachia kikapu mlangoni akashika kichwa. "Chai yangu! Mungu wangu, chai yangu yote!" Nje, vile vichipukizi vya kijani vilivyokuwa vimesimama asubuhi vilikuwa vinakatwakatwa mbele ya macho yao, na barafu nyeupe ikijaa kati ya mistari.

Siku nyingine yoyote, hiyo ingekuwa ndiyo huzuni ya mwaka.

Chemutai hata hakugeuka. Alikuwa amebana simu sikioni kwa viganja viwili.

"Dorcus! Dorcus, sikusikii!"

Kelele tu.

Alijaribu kusogea kona ambako bati limezibwa kwa mbao. Alama za mtandao zikapotea zote. Akarudi mbio kwenye nguzo, akimkanyaga mtu. Zikarudi mbili.

"...kapteni... kapteni anauliza..." ndiyo yaliyopenya.

"Anauliza nini? Paza sauti!"

Dorcus alipiga kelele. Spika ilikuwa bado imefunguliwa, na kwa vile watu wote walikuwa wamebanana chini ya bati, hakuna ambaye hakusikia.

"Kapteni anauliza, Phelix alikuuliza swali gani? Anasema kila wakiwa zamu usiku, Phelix anamwambia kitu kimoja tu. Nilimuuliza mke wangu swali, hakunijibu. Swali gani hilo, dada? Kapteni anasema hapo ndipo penye shida!"

Chemutai aliegemea nguzo.

Alilijua swali hilo. Anachuma nalo chai kila siku.

Ilikuwa asubuhi ile ya safari, uani kwa Mzee Ogeto. Phelix alikuwa ameshika mkoba. Alimgeukia Chemutai, mbele ya baba yake, akasema: "Chemu, niambie. Unataka nibaki?"

Mbele ya baba yake! Alishikwa na nini, mwana wa Kisii, kumuuliza mke wake jambo kama hilo hapo? Labda alikuwa amechanganyikiwa. Labda aliona hakutakuwa na nafasi nyingine. Chemutai aliinamisha kichwa. Moyoni alikuwa anapiga yowe. Mdomoni hakukutoka kitu, kwa sababu mke mwenye adabu hasemi mbele ya baba mkwe kwamba anamtaka mumewe.

Phelix alingoja jibu. Kisha akaangalia viatu vyake.

Ni mzee aliyejibu kwa niaba yake: "Umeona? Mke wako amekubali. Nenda ukawe mwanamume. Na usirudi kwangu mikono mitupu."

Tangu siku hiyo Phelix hupiga simu kila alasiri. Humkuta Chemutai hapa bandani, penye mtandao, katikati ya masikio ya watu. Wamezungumza habari za ng'ombe. Wamezungumza habari za mvua. Swali lile halijawahi kurudi, na jibu lake halijawahi kutoka.

"Swali gani?" Mzee Ogeto aliuliza. Alikuwa amesogezwa na watu hadi karibu kabisa na nguzo, na mawe yalikuwa yamezuia mlango. Hakuwa na pa kwenda. Wala Chemutai hakuwa na pa kwenda. "Omokamwana, mke wa mwanangu, Phelix alikuuliza swali gani?"

Chemutai alitikisa kichwa, macho chini.

"Niambie. Mwanangu yuko majini. Swali gani?"

Akatikisa kichwa tena. Akazidi kuinama.

Mzee alimtazama binti huyu aliyemletea chai kila asubuhi na ambaye hajawahi kumwona akiinua macho. Akatazama vile alivyokuwa ameinama sasa. Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa ameinama uani, asubuhi ile.

Mzee Ogeto alivua kofia yake.

"Ni mimi nilijibu," alisema polepole. Ni waliokuwa karibu tu waliosikia. "Yeye hakujibu. Ni mimi nilijibu."

"DADA!" Simu ililia kwa sauti ya Dorcus. "Kamba ya nanga imekatika! Imekatika! Lulu inaenda kwenye mwamba!"

Watu walipiga yowe bandani.

"Boti liko ubavuni mwake! Wananyoosha mikono! Yeye ameshika kisiki cha mlingoti, haachii! Haangalii hata boti! Dada, nimeweka simu kwenye redio. Anasikia! Ongea! Ongea sasa!"

"Phelix," Chemutai alisema.

"Hakuna kitu inasikika! Hiyo kelele ni ya nini huko? Paza sauti!"

"Phelix!"

"Zaidi!"

Alitazama upande. Baba mkwe wake yuko pale pale, hatua haipo kati yao. Macho yakarudi chini yenyewe. Alijaribu. Hewa ilitoka bila neno.

Ndipo Mzee Ogeto alipofanya jambo ambalo hadi leo linasimuliwa pale Chepilat.

Aligeuka. Alimpa mgongo, akautazama ukuta wa mbao wa banda, uso wake karibu uguse mbao. Akajifunika masikio kwa kofia yake, upande mmoja kofia, upande mwingine kiganja.

"Sema, mama," alisema kwa nguvu, akiuambia ukuta. "Sema yote. Mimi sipo hapa."

Kipkurui alimwona. Akaacha mizani, naye akageuka. Mwanamume mmoja nyuma yake akageuka. Mwingine akageuka. Wazee, vijana wa lori, wote, Wakisii kwa Wakipsigis, mmoja baada ya mwingine wakampa Chemutai migongo, hadi akabaki amezungukwa na makoti yaliyolowa na hakuna jicho hata moja la mwanamume.

Janeffer alimshika kiuno asianguke. "Sasa," alisema. "Sasa, dada yangu. Yapigie hayo mawe kelele."

Chemutai alivuta pumzi. Aliinua uso, akainua na sauti, sauti ambayo hata mama yake mzazi hakuwahi kuisikia, ikapita juu ya mawe, juu ya bati.

"Phelix! Uliniuliza nikanyamaza! Nilinyamaza kwa sababu ya haya, sikunyamaza kwa sababu nilikubali! Nilitaka ubaki! Unanisikia? Nilitaka ubaki! Nilitaka nishike huo mkoba niutupe kwa moto!"

"Endelea!" Dorcus alilia. "Amegeuza kichwa! Endelea!"

"Sitaki chombo! Sitaki kazi ya mwaka mzima! Kila siku unanipigia nakuambia habari ya ng'ombe, na kila siku nikirudi nyumbani napika ugali wa watu wawili kama mjinga! Nakutaka wewe! Nakutaka mlangoni jioni, na matope yako, na hasira yako ya kukosa kazi, na njaa yako! Kama ni kukosa, tukose pamoja! Hiyo mikono unaogopa kurudi nayo mitupu, hiyo hiyo ndiyo nataka! Achilia hicho chombo, mume wangu! Achilia, uruke, uniletee hiyo mikono!"

Redio ikajibu: tk, na kabla hawajangoja, tk ya pili.